Kifaa Changu, Jina la Shemeji

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha roho juu, nami nimekaa mbele ya mkaguzi wa hataza, orofa ya tatu, kifaa changu kikiwa mezani katikati yetu. Kwa aliyeingia leo nitafupisha, maana sipendi kumwacha mtu nyuma halafu anitukane kimoyomoyo.

Mimi ni fundi wa kusuka mota. Mota yako ikiungua unaniletea, natoa waya wa zamani, nasuka mpya, inaamka. Watu huniita Koili. Vyeti nilivyonavyo ni viwili: cha kuzaliwa na cha ndoa.

Nimetengeneza kifaa. Umeme wa nyumbani ni wa fezi moja, yaani waya mmoja unaoleta moto, mota kubwa inataka fezi tatu. Kifaa changu kinachukua ile moja na kuipa mota tatu, tena taratibu, bila kuzima taa za mtaa mzima. Ujanja wake ni kwamba kinasikiliza. Koili inapopumzika, kifaa kinaijua kasi ya mota kutoka kwenye koili hiyo hiyo, ndipo kinaongeza umeme kidogo kidogo.

Nikaomba hataza, ile karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani na si mtu mwingine. Wengi mnadhani natafuta utajiri. Mimi nalitaka lile neno "fulani" liwe jina langu.

Mkaguzi akaniandikia pingamizi nne. Tatu tulizimaliza, hata ile ya michoro niliyoichora bila rula. Ya nne akaniita niijibu ana kwa ana. Akafungua droo, akatoa ripoti ya chuo yenye jalada jeusi na maandishi ya dhahabu, akaniuliza: "Umewahi kuiona hii?"

Jina lililokuwa juu ya jalada lilikuwa la shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

Twende kazi.

"Hapana," nikasema.

Huo ulikuwa uongo, na njia ya mwongo ni fupi. Wangu ulikwenda kama hatua sita hivi.

"Hujawahi kuiona."

"Sijawahi."

Mkaguzi ni mwanamke mdogo wa umbo, sauti ya chini, na mezani ana kikombe cha penseli zilizochongwa zote kwa urefu mmoja. Mtu anayechonga penseli namna ile si wa kumdanganya, ila mimi kwa wakati huo nilikuwa nazitazama tu bila kuzielewa.

Akafungua ripoti mahali palipowekwa alama, akasoma kama anasoma hukumu.

"'Mota haipigwi kibao ili iamke. Huitwa polepole, nayo huamka yenyewe.' Ukurasa wa kumi na tisa."

Kisha akafungua ombi langu.

"'Mota haipigwi kibao ili iamke. Huitwa polepole, nayo huamka yenyewe.' Ukurasa wa nne. Bwana, nimesoma maombi ya hataza kwa miaka kumi na moja. Sijawahi kukutana na kibao hata kimoja. Leo ninavyo viwili."

Nikacheka. Yeye hakucheka, nikaacha.

"Ripoti hii ilipigwa mhuri wa maktaba ya chuo miezi kumi na moja kabla hujaleta ombi lako," akasema. "Kifaa ni kile kile. Mchoro ni ule ule. Nieleze kwa nini nisiandike kwamba umekiiba kwa huyu bwana."

Jamani. Nimewahi kuitwa mbishi, mchafu, hata kichaa wa nyaya. Mwizi ilikuwa mara ya kwanza, tena mwizi wa kitu changu mwenyewe.

"Mimi si mwizi."

"Basi mwizi ni yeye?"

Nikalitazama tena lile jalada jeusi.

"Nilimpigia simu asubuhi hii," akasema. "Nilimuuliza swali moja tu. Tazama mchoro wa tatu."

Ulikuwa mchoro wa koili za mota zilizopangwa kwenye duara, kila moja na namba yake. Akazipitia kwa ncha ya penseli.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Ya saba haipo. Kwenye ripoti haipo, na kwenye ombi lako pia haipo. Nikamuuliza mwandishi, koili ya saba iko wapi?"

"Akasemaje?"

"Alisema yuko kwenye kikao, atanipigia. Bado nasubiri."

Nikakumbuka simu tatu za shemeji nilizozikata nikiwa kwenye benchi la nje, nikidhani anataka kuniuliza habari za pampu za kazini kwake.

"Na wewe?" mkaguzi akaniuliza bila hata kuinua macho, utadhani anaulizia saa. "Koili ya saba iko wapi?"

"Iliungua," nikasema. "Ile ilikuwa mota ya mashine ya kusaga ya mama mkwe. Watu wamepanga foleni na madebe yao, muda wa kusuka upya hakuna, nikairuka ile koili kwa kipande cha waya, mashine ikaendelea kusaga. Sasa mimi nilichora nilichokiona pale mezani, na ya saba ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo..."

Nikasita. Mdomo ulikuwa umeshafika nyumbani, akili ndiyo kwanza inavaa viatu.

Mkaguzi akaweka penseli chini.

"Ulichora lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Kabla ya ripoti hii."

"Kabla ya hiyo."

"Kwa hiyo ripoti hii umewahi kuiona."

"Mheshimiwa," nikasema, "ripoti hiyo niliiandika mimi."

Haya, wasomaji wangu, hapa ndipo penye aibu. Kuna dada aliniandikia mwezi uliopita akaniita shujaa wa mafundi. Dada, subiri kwanza usome.

Shemeji alikuwa anamalizia stashahada ya umeme, masomo ya jioni. Ukweni wote wanamwita Injinia tangu ana miaka kumi na miwili, kwa sababu siku hiyo alitengeneza redio. Redio yenyewe ilikuwa imeisha betri, lakini jina likaganda.

Ikafika ripoti ya kumalizia chuo, akakwama. Mama mkwe akaniita. Miaka tisa nimemuoa binti yake, miaka tisa nikienda pale nakaa kwenye stuli ya jikoni, na makaribisho yangu ni, "Fundi umekuja, hebu tazama pasi hii." Siku ile nilikaribishwa kwenye kochi.

"Mwanangu," akaniambia, "msaidie mwenzio."

Mwanangu! Neno lile nilikuwa nalisikia likipita juu ya kichwa changu kwenda kwa wengine. Ningeandika ripoti za chuo kizima.

Nikachukua daftari langu la michoro, na kwa Jumapili sita nikaandika kila kitu kwa mkono, Injinia akachapa. Akafaulu vizuri sana. Akapata kazi kwenye kituo cha pampu za maji, akawa mkuu wa mota zote. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nilijua ripoti za chuo husomwa na mende tu. Sikujua kuna binadamu wameajiriwa kusoma kila kilichowahi kuandikwa kuhusu mota.

Nilifanya vile kwa sababu nilitaka kupendwa na watu wale. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Mkaguzi alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu cha sheria.

"Kuna mlango mmoja mdogo," akasema. "Kitu kikishatangazwa hadharani si kipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza. Lakini kama aliyekitangaza alikitoa kwa mwombaji mwenyewe, na haijapita miezi kumi na miwili mpaka siku ya kuomba, tunahesabu kwamba hakijatangazwa. Wewe una miezi kumi na moja. Umepenya kwa kubana tumbo."

"Asante sana, mheshimiwa!"

"Usinishukuru. Neno lako peke yake halitoshi. Nataka kiapo cha mwandishi wa ripoti, kimesainiwa mbele ya wakili, kwamba kazi hii yote ni yako. Leo ni Jumanne. Muda wako wa kujibu unaisha Ijumaa, saa nne kamili asubuhi. Baada ya hapo nagonga mhuri wa kukataa. Na huwezi kuleta ombi jipya, maana ile miezi kumi na miwili imeshapita zamani."

"Na yeye akisaini, itakuwaje kwake?"

Akakirudisha kitabu mahali pake.

"Mimi nakagua vifaa, bwana. Familia siikagui."

Nyumbani nilimkuta mke wangu kwenye cherehani, anashona mapazia ya mteja, midomoni ana pini nne. Nilimweleza nimesimama. Kila nilipofika pabaya alitoa pini moja na kuichomeka kwenye kitambaa. Nilipomaliza hakuwa na pini hata moja.

"Kwa hiyo Injinia wetu ni wewe," akasema.

"Kwenye karatasi tu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, nikadhani mto tumeuvuka. Ghafla akaacha.

"Miaka miwili unalala kitanda kimoja na mimi, kumbe una siri na mama yangu."

"Mama watoto, nisikilize..."

"Yule mtoto nimembeba mgongoni mimi. Nimemuosha masikio mimi. Akisaini hiyo karatasi, chuo kinamnyang'anya stashahada, na kazini wanamtoa. Hilo umeliwaza?"

"Nimeliwaza."

"Na asiposaini?"

"Kifaa kinabaki kwenye ripoti yake, na mimi nabaki yule fundi aliyenakili kazi ya shemeji yake. Hivyo ndivyo itakavyoandikwa kwenye faili."

Akashona mshono mzima, wa juu mpaka chini. Nilisimama pale kama mteja ambaye nguo yake haijawa tayari.

"Sitakwambia nenda, wala sitakwambia usiende," akasema mwishowe. "Ila ukienda usimfokee. Yule hajui kujitetea."

Jumatano nikaenda.

Ofisi ya shemeji ina kioo kikubwa kinachotazama ukumbi wa pampu. Chini kuna mota nne za bluu, kila moja ndefu kuliko kitanda, zimeandikwa namba moja mpaka nne. Shemeji huzitazama kupitia kioo. Kushuka hashuki mpaka alazimike.

Na hapa nikiri jambo jingine, kwa kuwa nimeshaanza. Kituo kile kwa miaka miwili nilikuwa nakiendesha mimi, kwa simu. Mota ikibadili sauti, shemeji anashuka, anaipeleka simu karibu nayo. "Shemeji, sikiliza. Hiyo ni nini?" Mimi huku tonge liko mkononi: "Beringi ya nyuma. Itie grisi." Anakata simu, anawageukia mafundi wake, anakunja uso. "Beringi ya nyuma. Tieni grisi." Wanamheshimu vibaya sana.

"Shemeji, karibu, karibu!" akanipokea mlangoni. "Jana nimekupigia mara tatu! Kuna mwanamke wa hataza ananiuliza koili ya saba. Koili ya saba ndiyo ipi?"

"Ndiyo iliyonileta hapa," nikasema, nikafunga mlango.

Nilimweleza yote. Alivua kofia yake nyeupe ya kazini, akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Unataka nikaape mbele ya wakili kwamba mimi si mimi?"

"Nataka useme ukweli."

"Ukweli!" Sauti ilimpanda, na mimi ndiye niliyeambiwa nisifoke. "Ukweli ulikuwa wapi ulipokuwa unaandika? Mimi nilikuomba unisaidie sura ya tatu. Sura moja! Ukaandika zote sita. Nikakwambia ya nne niachie nijaribu. Ulinijibu nini?"

Nikatazama mota kupitia kioo.

"Ulinijibu nini, shemeji?"

"Nilikwambia acha, utaharibu."

"Sasa nimeacha. Tangu siku ile nimeacha. Sijui hata nikijaribu ningeweza nini." Akakaa. "Mwezi ujao bodi inanithibitisha kazini. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Siwezi, shemeji. Nisamehe, siwezi."

Nilitoka bila kuaga. Njia nzima nilikuwa natunga matusi ya kumtumia, na yote yalikuwa mazuri, ila kila nikifika katikati nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema acha, utaharibu. Nilifika nyumbani sijatuma hata moja.

Alhamisi mchana niko karakana, mota ya mteja iko katikati ya magoti yangu, mke wangu kaniletea chakula. Simu ikaita. Shemeji.

Nikaiacha iite. Ikakatika, ikaita tena.

"Hupokei?" mke wangu akauliza.

"Ajipokelee mwenyewe. Si yeye ndiye injinia?"

Aliendelea kufungua bakuli la chakula, polepole kuliko bakuli linavyohitaji. Simu ikaita mara ya tatu, nikaipokea.

Kabla ya salamu nikaisikia mota. Ilikuwa inanguruma ngurumo ya chini, nzito, ile ambayo fundi yeyote akiisikia hata usingizini anaamka.

"Namba mbili!" shemeji alikuwa anapiga kelele. "Na namba moja imefunguliwa, iko kwenye matengenezo! Hii ikiungua nusu ya mji haina maji! Shemeji, najua sistahili, lakini..."

Nakiri kwamba niliwaza. Niliwaza kwa muda wa kumeza mate. Dakika tano za kunyamaza zingetosha, na mji mzima ungejua nani injinia na nani si injinia. Kisha nikaisikia tena ile mota, ikanihurumisha. Mota haijui jina la mtu.

"Zima," nikasema. "Zima sasa hivi, inakula fezi mbili badala ya tatu. Umezima?"

"Nimezima."

"Fungua boksi la swichi. Tazama kontakta, ile inayopitisha fezi zote tatu, ncha ya katikati. Ina weusi?"

"Ina weusi. Imeliwa kabisa."

"Haya. Namba moja si imelala? Toa kontakta yake, uifunge hapo."

"Ngoja niwaite vijana wafunge."

"Funga wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Sikati simu. Funga mdogo mdogo, ukikwama uliza."

Ilichukua dakika arobaini. Chakula kilipoa. Nilisikia bisibisi ikianguka mara mbili, nikasikia mtu mzima akihema. Nilitaka mara kumi kumwambia ampe mtu mwingine, nikauma ulimi mara kumi. Hatimaye swichi ikalia, na namba mbili ikaamka na kutulia kwenye sauti yake nzuri, laini.

"Nimefunga mwenyewe!" Alikuwa anacheka. "Shemeji, umesikia? Nimefunga mwenyewe!"

"Nimesikia."

Nilikuwa nasikia maji yakianza kwenda kwenye mabomba.

"Kesho ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nne."

"Nitakuja."

Mke wangu alikuwa amesikia yote. Akanipa kijiko, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema chakula kikipoa kinaumiza tumbo.

Ijumaa, saa nne kasoro robo, niko kwenye benchi la orofa ya tatu. Nimenyoa. Shati nimelipiga pasi mwenyewe, mke wangu amelirudia. Mlango wa lifti ukafunguka na shemeji akatoka, suti nyeusi, bahasha ya wakili mkononi. Moyo ukaniruka kwa furaha, nasema wazi.

Nyuma yake akatoka mama mkwe.

Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, na mkoba mkubwa kwapani. Nilisimama wima kama askari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wanaume wawili kupewa cheti siku moja! Mbona mmenuna kama mmetoka msibani?"

Nikamvuta shemeji pembeni.

"Hujamwambia?"

"Nilianza kumwambia kwenye gari. Nikasema tunaenda ofisi ya hataza mimi na wewe, kabla sijamaliza akasema atakuja kutuona tunapewa cheti. Akaenda kubadilisha nguo. Shemeji, nilishindwa."

Mlango ukafunguliwa, mkaguzi akaita. Tuliingia wawili, wa tatu akaingia bila kuitwa.

"Na huyu ni nani?" mkaguzi akauliza.

"Ni mama," tukasema kwa pamoja.

"Mama wa nani?"

"Wa wote," mama mkwe akajijibia, akavuta kiti, akakaa.

Shemeji akaweka bahasha mezani. Mkaguzi hakuigusa.

"Kabla haijafunguliwa," akasema, "muelewe kitu kimoja. Hii inaingia kwenye faili, na faili la hataza liko wazi. Mtu yeyote akiomba kulisoma atalisoma. Mwajiri, chuo, jirani, yeyote." Akamtazama shemeji. "Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na wewe, mwombaji? Ndiwe unayeileta. Niipokee?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeingoja siku ile miaka mitatu. Nilikuwa nimeshaliona jina langu juu ya karatasi yenye nembo, nimeshachagua hadi ukuta wa kuitundika. Na nilimwona shemeji, jasho limemlowesha kola, ananitingishia kichwa kwamba ndiyo, sema ndiyo.

"Mbona mnazungushana?" mama mkwe akasema. "Jambo la heri linasomwa. Leteni nisome mimi."

Na kabla mtu hajanyoosha mkono alikuwa ameshaichukua bahasha, ameichana, amevaa miwani.

"'Mimi niliyetajwa hapo juu,'" akasoma kwa sauti ya madaha, "'ninaapa na kuthibitisha...' Maneno mazito haya! '...kwamba ripoti iliyobeba jina langu...'"

Sauti ikaanza kupungua kasi.

"'...kila sura, kila mchoro na kila neno lililomo, si kazi yangu. Ilibuniwa na kuandikwa na mume wa dada yangu, nami niliipeleka chuoni kama yangu.'"

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa nne kasoro dakika tano.

Mama mkwe akamtazama mwanawe. Mwanawe alikuwa anatazama viatu. Kisha mama akanitazama mimi.

"Nilikuomba umsaidie," akasema taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Kumsaidia ndiko huku?"

Swali hilo ninalo mpaka leo ninapoandika.

Akaikunja karatasi mara mbili, akaikunja tena. Akafungua mkoba wake, akaitumbukiza ndani, akafunga zipu. Akauweka mkoba mapajani, mikono yote miwili juu yake.

"Mama," mkaguzi akasema, "hiyo karatasi ni ya faili."

"Hii ni ya mwanangu."

"Mama, nimesaini kwa hiari yangu," shemeji akasema. "Hakuna aliyenilazimisha. Mpe."

"Wewe nyamaza. Una mtoto njiani, wewe."

Mkaguzi akanigeukia mimi. Kwa mara ya kwanza nilimwona akisitasita.

"Bwana, mimi siwezi kumnyang'anya mtu mkoba," akasema. "Lakini ikifika saa nne karatasi ile haipo mezani pangu, ninakataa ombi lako. Sina namna nyingine, na wewe hutakuwa na nyingine tena."

Akachukua mhuri, akaubonyeza kwenye wino, akauweka tayari juu ya ombi langu. Saa ikasema nne kasoro dakika mbili.

Mama mkwe alikuwa bado ananitazama. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Alikuwa analia, machozi yanashuka chini ya miwani, na mikono haijaondoka kwenye mkoba.

Nyie mnaojua adabu, niambieni: mtu anaingizaje mkono kwenye mkoba wa mama mkwe wake, mbele ya watu, mama mwenyewe akiwa analia?

Nikasimama. Nikapiga hatua moja kuelekea kwenye kiti chake. Nikaunyoosha mkono.